Mwaka Niliokaa na Kenge Siakago

Marigu alikuja kumzika mume wangu. Nilimwona nikiwa kwenye hema la familia. Alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na wapishi, amevaa sweta nzito ya kijivu, kwa sababu watu wa Mbeere wakipanda huku kwetu Githongo huona baridi hata jua likiwaka. Mchungaji alikuwa akisoma historia ya marehemu: jinsi Mwenda alivyoifanya kazi ya mifugo tangu ujana hadi alipostaafu, jinsi alivyonioa, jinsi tulivyojaliwa watoto watatu. Mimi niliyetakiwa kuinamisha kichwa nilikuwa nimenyoosha shingo kumtazama mwanamke wa nyuma, nione kama amenenepa, kama ana pete, kama watu wanamsalimia kwa heshima. Nilikuwa mjane wa siku tano, mwanamke aliyepita miaka hamsini, na bado nilikuwa namwonea Marigu wivu.

Wivu huo ulianza katika mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimepelekwa kufundisha shule ya msingi upande wa Siakago. Sikuwa nimesomea ualimu. Shule za kule chini zilikuwa na upungufu wa walimu, na mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri aliweza kupewa darasa huku akingojea nafasi ya chuo. Marigu naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alizaliwa huko huko, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Tulipewa chumba kimoja kwa Mama Ireri, mjane mwenye sauti kubwa na mbuzi wengi. Ilikuwa nyumba ya udongo kando ya yake, yenye paa la mabati na vyumba viwili. Katika kimoja tulilala sisi, na cha pili kilijaa magunia ya mtama na kunde. Jiko lilikuwa kibanda cha pembeni kilichoezekwa kwa majani, na choo kilikuwa mbali kidogo, nyuma ya kichuguu kirefu kuliko mtu. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha la mbao lisilo na kioo. Mchana mabati yalilia kwa joto kama mtu anayekunja vidole hadi vilie, na chakula chetu, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kunde karibu kila siku, kilikuwa na ladha ya moshi ambayo nimeitafuta baadaye katika sufuria nyingi bila kuipata.

Siku ya kwanza Mama Ireri alinionyesha mtungi wa maji, kamba ya kuanikia nguo na mahali pa kuni, kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kutaja majirani, kwamba hapo nyumbani kuna kenge wanne. Mmoja alikaa chini ya ghala, wawili ndani ya kichuguu, na yule mkubwa alilala popote alipopenda. Nilimsikia bila kumsikia. Kwetu Githongo mjusi mkubwa niliyewahi kumwona alitosha kiganjani. Asubuhi yake nikafungua mlango kwenda choo, nikamkuta yule mkubwa amejinyoosha juu ya jiwe katikati ya njia, akiota jua. Ukimpima pamoja na mkia alikuwa karibu urefu wa kitanda changu. Ngozi yake ilikuwa kama ya tairi kuukuu lenye madoa ya manjano, na shingoni ilikuwa imelegea na kukunjamana. Alitoa ulimi wa rangi ya zambarau, uliogawanyika nchani, akauonja upepo. Nilipopiga hatua moja alijijaza hewa hadi akanenepa, akatoa sauti ya tairi linalopungua upepo, na mkia wake ukajipinda upande. Nilirudi ndani nikafunga mlango kwa komeo.

Marigu ndiye aliyenitoa. Alichukua fimbo, akaenda akigonga ardhi taratibu, si kumpiga, akamwambia kwa Kimbeere, kama unavyomwambia mzee aliyekaa vibaya kanisani, apishe kidogo, mwalimu anataka kupita. Yule mnyama akainuka kwa miguu yake minne iliyopinda na kuondoka bila haraka. Tangu siku hiyo Marigu alinisindikiza chooni kila asubuhi, akasimama nje na fimbo yake akiimba nyimbo za kwaya hadi nimalize. Hakunicheka hata mara moja. Heri angenicheka. Ni vigumu kueleza jinsi unavyoweza kumchukia mtu kwa sababu tu anakungojea nje ya choo kwa uvumilivu.

Kenge hao walikula mayai, walikula vifaranga, walikula konokono na mbawakawa, na Mama Ireri alilalamika kila siku lakini hakuruhusu mtu awaguse. Alisema tangu wahamie kwake hajaona nyoka karibu na zizi, na kwamba jirani mmoja aliyewaua wa kwake alianza kukuta nyoka hadi chini ya jiwe la kusagia. Kiangazi kilipokaza, Marigu alichukua karai kuukuu, akaliziba tundu kwa kitambaa na nta, akalijaza maji karibu na kichuguu. Walikuja mmoja mmoja, wakatumbukiza pua, wakainua vichwa juu kama kuku ili maji yateremke. Marigu alikaa hatua sita kutoka kwao akisahihisha madaftari. Mimi nilisahihisha ya kwangu ndani, mlango umefungwa, jasho likidondoka kwenye hesabu za watoto.

Wala si kenge pekee. Watoto wa shule walikimbia kumpokea Marigu vitabu, na mimi walinisalimia kwa adabu na kupita. Mama Ireri alimwekea ukoko wa ugali, mkubwa na wa kahawia, na mimi nikapewa katikati, pale palipo laini, kwa sababu mimi ni mgeni. Wanawake kisimani walimweleza habari za waume zao. Mimi nilikuwa na alama nzuri kuliko zake, Kiingereza changu kilikuwa kizuri zaidi, na hata kwa sura nilijipa ushindi. Lakini katika boma lile hakukuwa na kitu ambacho mtu angeniomba mimi kwanza kabla ya kumwomba yeye.

Ndipo akaja Mwenda. Alikuwa afisa wa mifugo, kijana mrefu wa pikipiki, na alikuja mwezi wa tatu kuchanja kuku dhidi ya kideri. Aliposikia jina langu, Kagendo, alinisemesha Kimeru, lugha ya kwetu, papo hapo. Kumbe kwao ni ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu, na mama yake nilimjua, tulikuwa tukisimama naye foleni kwenye kiwanda cha kahawa. Aliniuliza kama kahawa ya nyumbani imetoa maua. Nilimjibu kwa maneno mengi kuliko swali. Katika nchi ile kavu nilihisi nimepata hatimaye kitu changu mwenyewe, na nilimkaribisha chai nikahakikisha ni mimi ninayeshika chupa.

Mara ya pili aliuliza habari za kenge. Alikuwa amesikia kwamba kwa Mama Ireri wanaishi kama mifugo, na yeye alipenda wanyama wa kila aina. Marigu akampeleka kwenye kichuguu. Mimi nilibaki dirishani. Niliwaona wamechuchumaa bega kwa bega, yeye akielekeza kwa kidole, Mwenda akitikisa kichwa. Ziara iliyofuata alileta ule utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe. Walingoja yule mkubwa ajinyooshe, Marigu akachomeka kijiti penye pua na Mwenda kijiti penye ncha ya mkia, na mnyama alipoondoka wakapima kutoka kijiti hadi kijiti. Sikusikia walichosema, nilisikia kicheko tu. Siku hiyo kunde ziliungua na nikasema kuni zilikuwa mbichi.

Nilijaribu mara moja. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani, nikajiambia kwamba kama Marigu anaweza basi nami naweza, nikatoka kwenda kukaa nao pale kwenye kichuguu. Mwenda alinisogezea nafasi, na kwa dakika chache nilikuwa nimeketi katikati yao wawili, nikiwa na furaha kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Kisha mmoja wa wale wadogo alichungulia kwenye shimo karibu na mguu wangu. Nilirusha mguu, naye akanicharaza mkia kwenye muundi. Nilikimbia nikipiga kelele hadi nyumbani, kiatu kimoja nikakiacha. Mwenda alinifuata nacho mkononi, uso umejaa huruma, akaniuliza kama nimeumia sana. Marigu alileta maji ya chumvi, akapiga magoti akaniosha ule mchirizi mwekundu, polepole, akipuliza ili usiniwashe. Nilipoinua macho nilikuta Mwenda hautazami mguu wangu. Alikuwa akiitazama mikono ya Marigu.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, alasiri moja, nilikuwa chumbani nikitayarisha ripoti za watoto na Mama Ireri na Marigu walikuwa jikoni wakipepeta ndengu. Ukuta wa kibanda ulikuwa wa fito, kila neno lilipita. Mama Ireri alisema kuku wake wamechanjwa hadi wanaijua sauti ya pikipiki, na kwamba mwanamume haendi nyumba moja kila wiki kwa ajili ya kuku, wala kwa ajili ya kenge. Alisema kijana ana kazi na ana heshima, na Marigu asijifanye haoni. Nilingoja Marigu ajibu. Nilisikia ndengu zikirushwa na kuanguka kwenye ungo, zikirushwa na kuanguka, na hakusema lolote. Ule ukimya niliuchukua kuwa ndiyo.

Mwezi wa nane shule zilifungwa nikapanda nyumbani. Wiki ya pili nilikutana na mama yake Mwenda akitoka kanisani. Alinishika mkono tukatembea pamoja kando ya mashamba ya kahawa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcha Mungu, mwenye kuogopa mambo mengi. Alisema amesikia mwanawe ana msichana kule chini kwa Wambeere, na kwa kuwa mimi naishi huko nimwambie ukweli, ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi. Nilianza hata kuusema. Nilisema ni msichana mzuri, ana bidii, anapendwa.

"Ila nini?" akaniuliza. "Naona kuna ila."

"Ila anafuga kenge, mama," nikasema. "Anawawekea maji kwenye karai. Anawaambia maneno na wanamsikia. Watu wa huko husema si wanyama tu wale."

Hakuna mtu wa huko aliyewahi kusema hivyo. Niliyabuni maneno hayo njiani, kati ya mti mmoja wa kahawa na mwingine, na yalitoka mdomoni laini kama niliyoyasikia mara nyingi. Mama yake Mwenda aliuachia mkono wangu, akaushika tena, akanishukuru kwa kuwa binti mkweli. Usiku nililala vizuri. Hilo pia nimeona nilitaje.

Niliporudi Siakago mwezi wa tisa, Mwenda alikuwa ameacha kuja. Nilisikia pikipiki yake barabarani mara mbili, ikapunguza mwendo penye lango letu, ikaendelea. Nilijua ni kazi yangu. Nilimchunguza Marigu kama unavyomchunguza mgonjwa. Alikuwa kimya kuliko kawaida, lakini alikula vizuri, aliimba nje ya choo kama kawaida, na jioni aliandika barua za maombi ya chuo kwenye meza yetu ya sanduku. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba huzuni yenyewe haikumharibu sura.

Kisha mvua ikaanza, na Jumamosi moja mama yake Mwenda akatokea langoni akiwa na mwavuli na mwanamke mwenzake wa kanisa. Alisema amekuja kumsalimia Kagendo, binti wa nyumbani. Macho yake hayakuwa kwangu. Tulimkaribisha jikoni penye moto kwa sababu alikuwa amelowa. Marigu akapika chai ya maziwa ya mbuzi, akawatolea viazi vitamu, akawahudumia kwa mikono miwili, na nilimwona yule mama akianza kulegea. Aliuliza Marigu ni binti ya nani. Aliuliza kama anajua kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi. Alikuwa ameshatabasamu mara moja. Nami nilikaa pembeni nikijua kwamba dakika kumi zaidi za chai hiyo zingeufuta uongo wangu wote.

Aliyeniokoa alikuwa yule kenge mkubwa. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mashimo, na wanyama wote walikuwa wakitafuta pakavu. Aliingia mlangoni polepole, tumbo likiburuta, matope mgongoni, akapita katikati ya wageni na moto, ulimi ukitoka na kuingia. Yule mwenzake wa kanisa alipanda juu ya kigoda. Mama yake Mwenda hakusogea, alikaza tu kikombe kwa mikono miwili. Marigu akacheka kidogo, akachukua ufagio, akainama na kumsemesha kwa Kimbeere kwa ile sauti yake ya kawaida, kwamba leo kuna wageni, aende ghalani kuna nafasi. Kenge akageuza kichwa, akageuza mwili, akatoka. Mvua ilikuwa ikipiga majani ya paa. Mama yake Mwenda aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akasema safari ni ndefu. Langoni alinikumbatia mimi. Marigu alimpa mkono, na ule mkono ukaguswa kwa ncha za vidole.

Baada ya wiki chache Mwenda alirudi. Alikuwa amekonda, alivyoonekana kwangu. Alikunywa chai, akaongea na Mama Ireri habari za kupe, kisha akaniuliza, mbele ya Marigu, kama ningependa kutembea naye hadi sokoni Jumapili. Jumapili hiyo Marigu alitia makaa kwenye pasi akanipigia sketi yangu ya buluu, kila pindo, akanifunga nywele kwa kitambaa chake. Nilimhurumia. Nilifikiri, maskini, hajui. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kutomwonea wivu, na haikudumu, kwa sababu sokoni Mwenda aliniuliza mambo matatu juu yake kabla hajaniuliza hata moja juu yangu.

Mwezi wa kumi na mbili Marigu alipata nafasi ya chuo akaondoka. Mimi chuo sikuenda tena. Niliolewa mwaka uliofuata, na yeye alituma gunia la ndengu na kadi yenye maneno mazuri. Tangu hapo Mwenda alikuwa mume mwema, sitamsingizia maiti. Lakini kila aliporudi kutoka kazini kule chini na kuwasimulia watoto kwamba ameona kenge akivuka barabara, mkubwa hivi, na kunyoosha mikono, sauti yake ilichangamka kwa namna ambayo haikuchangamka kwa jambo jingine, nami nilisimama nikaondoa vyombo mezani hata kama watu hawajashiba.

Siku ya tatu baada ya mazishi wageni wengi walikuwa wameshaondoka, na nilipoingia jikoni asubuhi nilimkuta Marigu amekunja mikono ya sweta akiosha sahani za watu. Sasa ni mwalimu mkuu, anakaribia kustaafu, na hakuwahi kuolewa. Alilea watoto wawili wa dada yake. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha. Tulimaliza rundo la kwanza la sahani, kisha nikamwambia. Nilimwambia nilichosema kwa mama yake Mwenda kwenye mashamba ya kahawa, neno kwa neno, kwa sababu nimeyabeba maneno hayo muda mrefu na hayajapotea hata moja. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Marigu aliacha kuosha. Alinitazama kwa mshangao, na polepole uso wake ukalainika. "Kumbe ndiyo sababu yule mama alinishika mkono vile," akasema. Kisha akaniambia, "Kagendo, hukuninyang'anya mtu. Mwenda alikuwa ameshaniuliza mwezi wa nane, wewe ukiwa huku kwenu. Nilimkataa."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema alitaka chuo, na baridi ya Githongo hakuitaka, na zaidi ya hayo hakumpenda kwa namna hiyo. Alipenda tu aje wakae waangalie kenge. "Nilimwambia aangalie dirishani ukirudi," akasema. "Nilimwambia kuna mtu pale ambaye humtazama hata akimeza chai. Akasema hajaona. Nikamwambia basi aone."

Ningepaswa kushukuru, au kupumua, kwa kuwa dhambi niliyoilinda maisha yangu yote haikuwa imefanya kazi yoyote. Yule mama angekuja au asingekuja, ningesema au nisingesema, mwisho ungekuwa ule ule. Badala yake niliwaza kwamba walikuwa na siri, wao wawili, tangu mwezi wa nane wa mwaka ule, na kwamba Mwenda alikuja nayo nyumbani kwangu akalala nayo kitandani mwangu na hakunigawia. Nikauliza swali ambalo mjane hapaswi kuuliza.

"Alisemaje ulipomkataa?"

Marigu alifikiri, akitafuta ukweli kama alivyofanya siku zote. "Hakusema kitu. Alikaa kwenye jiwe akalia. Si sana. Kisha akapangusa uso akaenda."

Nilikaa na Mwenda miaka thelathini. Nilikuwa karibu naye alipomzika baba yake, tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku nne, na miezi ile ya mwisho maumivu yalipomfanya aume shuka. Sikuwahi kumwona akilia.